Lugha ya R na Data za Simiyu: Uchambuzi Unaoweza Kukaguliwa

Anayetaka kujua mavuno ya pamba wilayani Bariadi yamekwendaje kwa miaka thelathini iliyopita hukutana na ramani kabla hajafika kwenye mvua, viuatilifu au bei. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa wilaya za Shinyanga. Busega ilimegwa kutoka Magu, mkoani Mwanza, na Itilima ikatolewa ndani ya Bariadi yenyewe. Kwa hiyo Bariadi ya mwaka 2005 na Bariadi ya mwaka 2015 ni maeneo mawili tofauti yenye jina moja, na leo jina hilo linabeba halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Mchambuzi lazima aamue. Je, aijumlishe Itilima na Bariadi kwa miaka ya karibuni, au aigawe Bariadi ya zamani kwa makadirio? Busega aitafute kwenye takwimu za Mwanza au aiache kabisa? Kila jibu linabadilisha mstari wa grafu.

Uamuzi wa namna hiyo ukifanywa kwa kunakili na kubandika kwenye Excel hauachi alama. Faili likishafungwa, hata aliyelitengeneza atahangaika kukumbuka alijumlisha nini na nini. Ukifanywa kwa mistari ya msimbo, unabaki umeandikwa. Mtu mwingine anaweza kuusoma mwaka 2035, akaukubali au akaupinga, akabadilisha mstari mmoja na kuona matokeo yanageuka vipi. Hapo ndipo ninapoiona thamani kubwa ya lugha ya R kwa mkoa kama Simiyu. Wengi huisifu kwa sababu ni ya bure, na hilo ni kweli, lakini ubure wake ni faida ya pili.

R ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Ross Ihaka na Robert Gentleman, walimu wa takwimu katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Waliijenga kwa kufuata lugha ya S, ambayo John Chambers na wenzake waliianza mwaka 1976 katika maabara za Bell nchini Marekani. Mwaka 1995 Ihaka na Gentleman waliitoa R kama programu huria chini ya leseni ya GPL, maana yake kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuisoma ndani, kuibadilisha na kuigawa. Toleo la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Leo hazina yake ya mtandaoni, CRAN, ina vifurushi zaidi ya 20,000 vilivyoandikwa na watafiti wa fani zote, kuanzia jenetiki ya mimea hadi uchambuzi wa ramani.

Kwa upande wa pili zipo SPSS, Stata na SAS, programu nzuri za kulipia ambazo vyuo vyetu vimezifundisha kwa miaka mingi. Leseni zake hulipwa kwa dola. Mwanafunzi anayerudi nyumbani Bariadi kukusanya data za tasnifu hana dola hizo, na ofisa kilimo wa kata hana kasma ya kununulia. Kinachotokea kinajulikana na kila aliyepita chuoni: nakala za kuibia zinazozungushwa kwenye flashi, nyingine zikiwa na virusi, na data zinazokabidhiwa kwa mtu wa steshenari anayechambua kwa malipo. Mwanafunzi hurudishiwa majedwali yaliyojaa nyota za umuhimu wa kitakwimu, akayabandika kwenye sura ya nne. Siku ya kutetea, msimamizi akimuuliza kwa nini alitumia kipimo kile na si kingine, hana jibu, kwa sababu hakuwapo kipimo kilipochaguliwa. Simlaumu mwenye steshenari, anajitafutia riziki. Ila utafiti ambao mwenyewe hawezi kueleza ulivyochambuliwa bado haujawa wake.

Tuingie shambani. Bodi ya Pamba imekuwa ikiwahimiza wakulima kupanda kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 30 badala ya ile ya zamani ya 90 kwa 40. Hesabu yake ni rahisi: hekta moja iliyokuwa na mashimo 27,778 sasa inakuwa na 55,556, mara mbili kamili. Je, mavuno nayo yanaongezeka kiasi gani? Na je, yanaongezeka sawasawa Busega, karibu na Ziwa Victoria, na Meatu, ambako mvua ni haba zaidi na mimea iliyobanana hugombea unyevu uleule? Hili ni swali ambalo mwanafunzi wa kilimo kutoka Simiyu anaweza kulijibu, na jibu lake lingekuwa na kazi ya kufanya.

Tuseme anachagua vijiji 12 na wakulima 10 kila kijiji. Anapata safu 120 za data. Akizitia kwenye programu yoyote na kuomba ulinganisho wa wastani, programu itazichukulia kama habari 120 zinazojitegemea. Hazijitegemei. Wakulima wa kijiji kimoja wamenyeshewa mvua ileile, udongo wao unafanana, wamechukua mbegu na dawa kwenye chama kimoja cha ushirika wa masoko ya mazao (AMCOS) na wamepata ushauri wa bwana shamba mmoja. Kama asilimia 30 ya tofauti zote za mavuno inatokana na kijiji, basi kwa kukadiria wastani wa mkoa wakulima hao 120 wana uzito wa takribani wakulima 32 tu wanaojitegemea. Asiyelijua hilo hutangaza uhakika ambao data zake hazina.

Katika R, marekebisho yake ni mstari mmoja:

lmer(mavuno ~ nafasi + (1 | kijiji), data = pamba)

Usomeke hivi: mavuno yaelezwe kwa nafasi ya upandaji, huku kila kijiji kikiruhusiwa kuwa na kiwango chake cha kuanzia. Majina mavuno, nafasi, kijiji na pamba ameyachagua mwanafunzi mwenyewe, kwa Kiswahili, na R haina shida nayo. Kifurushi cha lme4 kinachofanya kazi hiyo, ambacho mwandishi wake mkuu ni Douglas Bates, ni cha bure kama R yenyewe. Muhimu zaidi, msimamizi akiuona mstari huo anajua papo hapo kwamba kijiji kimezingatiwa. Usipokuwapo, anajua pia.

Lakini mstari huo hauwezi kuokoa kila kitu. Kama wakulima walijichagulia wenyewe nafasi ya kupandia, basi walioifuata ile mpya huenda ndio wenye nguvukazi nyingi, mbolea ya samadi na fedha za kulipia palizi. Mavuno yao yangekuwa juu hata kwa nafasi ya zamani. Tiba ya hapo ni kupanga jaribio kabla ya msimu na kugawa mashamba kwa kura, kama R. A. Fisher alivyofundisha alipokuwa Rothamsted, Uingereza, katika miaka ya 1920, na kama majaribio ya pamba yanavyofanywa katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, Mwanza. Kipimo kizuri juu ya mpango mbovu hutoa jibu bovu lenye sura ya kisayansi.

Kabla ya modeli yoyote kuna kazi ndefu isiyo na sifa: kusafisha data. Siku hizi madodoso mengi hujazwa kwenye simu kwa programu kama ODK au KoboToolbox, na makosa ya kunakili kutoka kwenye karatasi yamepungua. Hayajaisha. Wilaya moja itaonekana kama Bariadi, BARIADI, Bariadi DC na Bariad. Mkulima mmoja atataja mavuno kwa kilo, wa pili kwa magunia, wa tatu atasema alichopeleka mnadani bila kuhesabu alichobakiza. Ukubwa wa shamba ndio mgumu kuliko yote. Wachumi Calogero Carletto, Sara Savastano na Alberto Zezza walilinganisha, kwa data za Uganda, ekari walizozitaja wakulima na vipimo vya GPS, wakachapisha matokeo mwaka 2013: wenye mashamba madogo huyataja kuwa makubwa kuliko yalivyo, na wenye makubwa huyapunguza. Ukigawa kilo kwa ekari za kukadiria, kosa hilo linahamia moja kwa moja kwenye mavuno. Skripti ya R haifuti kosa hilo. Inachofanya ni kukulazimisha kuandika gunia moja umelihesabu kuwa kilo ngapi na shamba gani umelitoa kwa sababu gani, na data ghafi inabaki haijaguswa. Ningemwambia mtafiti yeyote kijana ashike hilo hata akisahau mengine yote: faili la kwanza halifunguliwi ili kurekebishwa, marekebisho yote yakae kwenye skripti.

Upande wa afya nao una somo lake. Kichocho kinajulikana vizuri Simiyu. Kwa kichocho cha mkojo, maabara huchuja mililita 10 za mkojo na kuhesabu mayai, na Shirika la Afya Duniani huita maambukizi mazito yanapofika mayai 50 au zaidi. Chukua mfano wa kubuni wa watoto 20 wa shule moja. Kumi na wanne hawana yai hata moja, watano wana 3, 4, 6, 8 na 9, na mmoja ana 810. Wastani ni 42. Mtu akiusoma ataamini shule nzima inakaribia maambukizi mazito, kumbe ukimtoa mtoto mmoja wastani wa waliobaki haufiki 2. Hivi ndivyo data za vimelea zilivyo: wengi sifuri, wachache mzigo mkubwa sana. Kipimo cha t kilichozoeleka hakikutengenezwa kwa data za aina hiyo. Kwa hesabu za namna hii wanatakwimu hutumia modeli ya binomia hasi, na katika R iko ndani ya kifurushi cha MASS, ambacho huja pamoja na programu yenyewe bila kupakua chochote zaidi.

Data nyingi kuhusu Simiyu, hata hivyo, hazihitaji dodoso jipya, zimekwisha kukusanywa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,584,157 mkoani, na ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Andika log(2140497/1584157)/10 na R itakujibu takribani 0.0301, yaani ongezeko la takribani asilimia 3 kwa mwaka. Zipo pia data za Utafiti wa Afya ya Uzazi, Mtoto na Malaria wa mwaka 2022, ambazo utaratibu wake umekuwa mtafiti kujisajili na kupewa bila malipo. Hapa kuna mtego unaonasa wengi. Utafiti huo ulifanywa katika maeneo 629 ya sampuli nchi nzima. Ukiyagawa kwa mikoa 31, wastani ni kama maeneo 20 kwa mkoa. Namba ya Simiyu peke yake inatoka kwenye maeneo machache, kwa hiyo inapaswa kuandikwa pamoja na kiwango chake cha mashaka. Kila mwanamke kwenye faili ana uzito wake, uliohifadhiwa kwenye safuwima iitwayo v005, ambayo hugawanywa kwa 1,000,000 kabla ya kutumika. Asiyeigawa, kisha akaitumia kama idadi ya watu, anaiambia kompyuta kwamba alihoji mabilioni ya wanawake, na kila tofauti ndogo itatoka na nyota tatu. Kifurushi cha survey, kilichoandikwa na Thomas Lumley, hupokea uzito, maeneo ya sampuli na matabaka, na kutoa kiwango halali cha mashaka. Kwenye SPSS kazi hiyo hufanywa na moduli ya Complex Samples, ambayo imekuwa ikiuzwa kando. Kwa hiyo bei haigusi mfuko peke yake. Inaamua nani anapata jibu sahihi.

Mvua nayo inapatikana. Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, hutoa bure makadirio ya CHIRPS, yanayounganisha picha za satelaiti na vituo vya kupimia, kuanzia mwaka 1981, kwa miraba ya kama kilomita 5. Kijiji cha Meatu kisicho na kipima mvua kinaweza kupata historia ya zaidi ya miaka 40. Na kwa asiyetaka kuandika msimbo, ipo R-Instat, programu ya kubofya iliyojengwa juu ya R. Mradi wake ulianza mwaka 2015 ukiwa na mizizi Chuo Kikuu cha Maseno, magharibi mwa Kenya, ng'ambo ya Ziwa Victoria, na una menyu nzima ya hali ya hewa inayokadiria mvua zilianza lini, zilikatika lini na ukavu wa katikati ulidumu siku ngapi. Naitaja kwa furaha kwa sababu inaonyesha kwamba Afrika Mashariki inaweza pia kutengeneza zana hizi, kwa kuanzia na maswali ya mkulima wake.

Wapo wanaosema R ni hatari kwa sababu haina kampuni ya kuulizwa mambo yakiharibika. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa uzito. Ni kweli vifurushi vingi vimeandikwa na wanaojitolea, na ubora wake haulingani. Ni kweli pia kwamba lugha yenyewe hubadilika: toleo la 3.6.0 la mwaka 2019 lilibadilisha namna ya kuchagua sampuli kwa bahati nasibu, na toleo la 4.0.0 la mwaka 2020 likabadilisha namna maneno yanavyosomwa kutoka kwenye majedwali. Skripti ya zamani inaweza kutoa matokeo mengine bila mtu kugusa herufi. Kinga yake ni kuandika toleo la R na la vifurushi vilivyotumika, jambo ambalo amri ya R iitwayo sessionInfo() hulifanya yenyewe.

Ila njia iliyozoeleka nayo imegharimu watu. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, ikanukuliwa na wanasiasa. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, aliomba faili lao la Excel, akakuta pamoja na dosari nyingine kwamba safu za nchi tano hazikuingizwa kwenye wastani. Mwaka 2020 Uingereza ilichelewa kuripoti karibu wagonjwa 16,000 wa Uviko kwa sababu faili la aina ya zamani la Excel halipokei zaidi ya safu 65,536. Herndon aligundua kosa kwa kuwa alikubaliwa kuliona faili. Usalama wa utafiti unatokana na kufunguliwa kwake, na lugha huria iliyoandikwa kwa maneno hufunguka kirahisi zaidi.

Ugumu halisi kwa Simiyu uko kwingine. Ujumbe wa makosa huja kwa Kiingereza, na huwa mkavu hata kwa anayekijua. Bando ni ghali, ingawa hili hutiwa chumvi: faili la kusakinisha R kwenye Windows halifiki megabaiti 100, na likishaingia na vifurushi vyake, kazi yote hufanyika bila intaneti. Linaweza kusafiri kwa flashi kutoka Bariadi hadi Mwanhuzi wilayani Meatu, kihalali. Kinachopungua ni watu wa kuuliza. Anayejifunza peke yake hukwama siku mbili kwenye koma iliyokosewa, akakata tamaa na kurudi steshenari. Siku hizi wengine huzigeukia programu za akili unde ziwaandikie msimbo, na zinasaidia kweli kwenye koma. Lakini haziwezi kujua kwamba wakulima wale kumi walipata mbegu kwenye AMCOS moja, kama mwenye utafiti hakuziambia. Elimu ya takwimu inabaki palepale.

Jambo moja lisichanganywe: msimbo ulio wazi haumaanishi data iliyo wazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamlinda mama aliyejibu dodoso. Jina la kijiji, umri, idadi ya watoto na ugonjwa vikiwekwa pamoja, jirani atamtambua hata jina likifutwa. Skripti inaweza kugawiwa kwa kila mtu huku data ikifichwa, ikipunguzwa au ikibaki kwa wanaoruhusiwa.

Kila mtafiti anayeingia Simiyu hupita ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa na barua yake ya utambulisho, kisha halmashauri, kisha kijiji. Utaratibu huo upo tayari, na ungetosha kuongezewa sharti moja: anayemaliza aache mkoani nakala ya skripti yake, maelezo ya safuwima za data, na data yenyewe pale sheria inaporuhusu, pamoja na ukurasa mmoja wa matokeo kwa Kiswahili. Ofisa takwimu mmoja wa mkoa akiwezeshwa kujifunza R kwa dhati, na kila halmashauri ikamteua mmoja wa kukaa naye siku chache kila robo mwaka, baada ya misimu michache Bariadi itakuwa na maktaba ya uchambuzi inayoweza kurudiwa kila data mpya inapoingia. Vyuo navyo viiruhusu R kwenye tasnifu bila kumtaka mwanafunzi ajitetee kwa nini hakutumia SPSS. Nawe mwanafunzi unayejiandaa kwenda Dutwa, Kisesa au Lagangabilili na dodoso lako msimu huu, andika skripti yako kwa data ya majaribio kabla hujamhoji mkulima wa kwanza. Maswali yasiyochambulika utayagundua ukiwa bado na muda wa kuyabadilisha.